Shikamoo ya Mstari wa Kwanza

Sanduku lilikaa koridoni wiki nzima, na kila nilipopita lilinigonga ugoko. Lilikuwa jekundu, kubwa, la magurudumu, la kuazima kwa jirani, nami nikalichukia kama mtu. Nguo za mjukuu wangu zilikwishaingia humo. Sweta zake zilibaki kitandani, maana Dar es Salaam nani anavaa sweta?

Aliyekuwa anafungasha ni mkwe wangu, mke wa mwanangu. Nijieleze mapema ili tusisumbuane: mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mjane, naishi hapa Magamba chini kidogo ya msitu. Miguu yangu imestaafu, mdomo bado. Mwanangu anafanya kazi ya misitu, kwenye kitalu cha miche. Huyu binti alimuoa kutoka Mponde, huko kwenye chai, akamleta nyumbani kwangu, akatuzalia mjukuu wa kike. Kila asubuhi alikuwa akishuka Lushoto mjini kwenye duka la steshenari. Kasomea kompyuta chuo kikuu, jamani, halafu anatoa kopi za vyeti vya kuzaliwa na kuwachapia watu barua za kuomba kiwanja! Yeye hakulalamika. Nililalamika mimi kwa niaba yake, tena kwa sauti, mpaka mwenye duka akawa akiniona tu anakumbuka ana kazi stoo.

Halafu duka likafungwa. Shangazi wa mkwe wangu aliyeko Dar akamtafutia nafasi kwenye ofisi moja, akasema aje haraka, Jumatano awe ameripoti. Mwanangu angebaki na miche yake, awe anawafuata mara moja moja akipata ruhusa. Mjukuu angekwenda na mama yake. Na mimi je? Hilo hakuna aliyelitaja, na mimi nikajifanya silifikirii.

Palibaki mlango mmoja. Kampuni fulani ya nchi za mbali ilikuwa inatafuta waandishi wa programu, watu wa kufanya kazi wakiwa majumbani mwao, popote pale, mradi wana umeme na mtandao. Mkwe wangu aliomba, wakampa mtihani wa mafumbo. La kwanza akapita, la pili akapita, likabaki la mwisho, na mwisho wa kulituma ni Jumamosi saa kumi na mbili jioni. Akilipata, anafanya kazi hapa hapa kwenye meza yangu ya chakula. Akilikosa, sanduku. Hakukuwa na la katikati.

Alhamisi mchana nilimkuta mezani, kajitanda kanga juu ya koti, kashika tama. Nje ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye miti ya peasi. Nikamwekea chai, nikakaa.

"Hebu niambie, hilo fumbo linasemaje?"

"Wanataka programu inayojiandika yenyewe, mama."

"Ijiandike ili iweje?"

"Haina kazi yoyote. Ni fumbo tu. Unaandika programu, ukiiendesha inatoa maandishi kwenye kioo. Hayo maandishi yawe ni programu ile ile, herufi kwa herufi. Usipungue hata mkato."

"Si ijinakili tu, yaishe?"

"Hairuhusiwi kufungua faili lake ikajichungulia. Ijiandike bila kujitazama."

Nikasonya. Niliona ni mchezo wa watu walioshiba. Huku kwetu viazi vinaungua na ugonjwa shambani, wao wanakaa wanaiuliza mashine ijitaje. Nikamwambia, "Basi hicho ni kiazi. Unakifukia, kinakupa kiazi."

Akacheka, mara ya kwanza wiki ile. "Kiazi kinasaidiwa na udongo, mama. Hii haina udongo. Yote iwe mle mle ndani."

Akanieleza kwamba wenye kazi yao wamekuwa wakilichezea fumbo hili tangu zamani, kila mmoja kwa lugha yake ya kompyuta, na wengine wamekwenda mbali hadi unashangaa. Kuna walioandika programu inayotoa programu nyingine ya lugha tofauti kabisa, na hiyo nyingine ukiiendesha inakurudishia ile ya kwanza, kama majirani wawili wanaoazimana sufuria. Kuna walioandika programu ambayo ukiifuta herufi moja, popote, bado inajiandika nzima kana kwamba hukuigusa. Alipokuwa akisimulia, uso wake ulikuwa wa mtu anayesimulia harusi. Mimi nimewasimamia watoto wengi wakifanya hesabu, na huo uso naujua, unautafuta miaka na miaka kwenye madawati na kuupata mara chache. Nikajikuta namwonea fahari, ingawa sikuwa nimeelewa kitu.

Ugumu ulikuwa kwamba jibu la kuokoteza kwenye mtandao lisingemfaa. Wenye mtihani walikuwa wametunga lugha yao ndogo, ya maneno machache tu, hakuna aliyewahi kuitumia popote. Kila mtu aanze na mikono mitupu.

"Nipe karatasi," nikasema.

"Mama, wewe?"

"Mimi nimefundisha imla kabla wewe hujazaliwa. Nipe karatasi."

Nikajiwekea fumbo kwa namna yangu. Chukua mtoto mtiifu kupindukia, yule anayefanya anachoambiwa na asichoambiwa hafanyi. Mpe kadi. Mtoto aitii kadi, na atakachoandika kiwe ni kadi ile ile. Rahisi! Nikaandika: *Andika: Mimi ni kadi.* Mtoto ataandika nini? *Mimi ni kadi.* Neno *Andika* limebaki nje. Haya, nikaliongeza: *Andika: Andika: Mimi ni kadi.* Mtoto anaandika *Andika: Mimi ni kadi.* Limepungua moja tena. Nikaongeza, likapungua. Nikaongeza tena, likapungua tena. Nilijaza ukurasa mzima kwa *Andika*, na kila mara mtoto wangu wa kufikirika alibaki nyuma kwa neno moja. Ala! Nikaitupa kalamu.

"Umefika pale pale wanapofika wote," mkwe wangu akasema. Hakusema kwa kunicheka, alisema kwa heshima, na mimi nikafurahi kijinga.

"Basi mtoto asipewe kitu. Kadi tupu, naye atoe karatasi tupu."

"Hilo nalo ni jibu, kweli kabisa. Kuna watu walilituma. Ndiyo maana siku hizi masharti yanasema isiwe tupu."

Karatasi tupu nimekusanya nyingi mno maishani, sikujua kwamba kuna mahali zinahesabiwa kuwa akili.

Ijumaa alishinda mezani. Sikumwongelesha. Nilipika, nilimwogesha mjukuu, nilimfukuza kuku asipige kelele, na kila nikipita nilimtupia jicho. Ninachotaka kusema ni hiki: nilikuwa sijawahi kumwona mtu akifikiri kwa namna ile. Sisi tukikwama tunahangaika, tunafuta, tunaandika tena, tunamlaumu aliyetunga swali. Yeye alikaa kimya akiangalia dirisha, halafu akaandika mstari mmoja, akaufuta wote, akaangalia dirisha tena. Hakuwa na papara. Sanduku liko koridoni, shangazi anapiga simu, na yeye anatulia kama anayesubiri maziwa yagande. Mimi ningekuwa nimekwishavunja kikombe.

Alasiri akaniita. "Mama, njoo. Nimelipata."

Nikaja mbio na mwiko mkononi.

"Unamkumbuka mjukuu wako alipokuwa anajifunza kuamkia?" akaniuliza.

Nani atasahau? Alipokuwa ndiyo kwanza anaanza kuongea, kila mgeni akiingia tulimwambia, "Sema shikamoo." Naye, kwa sauti kubwa, anamwangalia mgeni na kusema, "Sema shikamoo!" Mchungaji alikuja, akaambiwa sema shikamoo. Babu wa jirani akaambiwa sema shikamoo. Wazee wazima wanaamrishwa na kitoto! Tulicheka mpaka tukalia, na kwa kuwa nyumbani kwangu hakuna mchezo na shikamoo, nilikazana wiki nyingi kumtenganishia: hili ni neno la kusema, hili ni la kukuambia useme.

"Sisi tulimwona anakosea," mkwe wangu akasema. "Lakini angalia. Angesema shikamoo tu, angekuwa amebeba salamu peke yake. Yeye alibeba salamu na amri ya kuisema, vyote viwili. Angeweza kumpa mtoto mwenzake, na huyo akampa mwingine, na isipotee hata kidogo."

Akachukua karatasi yangu ya jana, akaigeuza, akaandika kadi kwa ajili ya yule mtoto wangu mtiifu:

*Andika maneno yafuatayo mara mbili, mara ya pili ndani ya semi: "Andika maneno yafuatayo mara mbili, mara ya pili ndani ya semi:"*

"Sasa mtii," akasema.

Nikamtii. Mwalimu mzima, nikaandika kama mtoto wa darasa la pili. Maneno yaliyofuata, yale ya ndani ya fungua semi na funga semi, nikayaandika mara ya kwanza hivi hivi. Nikayaandika mara ya pili, nikafungua semi, nikafunga semi. Nikatazama nilichoandika. Nikatazama kadi. Nikarudi kwenye nilichoandika.

Ilikuwa kadi ile ile. Hakuna kilichobaki nje.

Sijui niseme nilisikia nini. Nywele zilinisimama, huo ndio ukweli. Maneno yale yale yanatumika mara mbili, mara moja kama amri na mara moja kama kitu kinachobebwa, na ule mnyororo wangu wa *Andika* usiokwisha umekatika kwa pigo moja. Nilikuwa nimefundisha fungua semi na funga semi maisha yangu yote kama vijialama vya kupambia mazungumzo. Kumbe vina nguvu hivyo! Nilimkumbatia na mwiko wangu, nikampaka mchuzi mgongoni.

Jumamosi ikaamka na mvua. Umeme ukakatika kabla ya chai, na umeme ukikatika mnara wetu nao unazima, mtandao hakuna. Mkwe wangu alikuwa ameyageuza yale ya kadi kuwa programu katika ile lugha yao ndogo, ameijaribu, imejiandika vizuri. Ilibaki kuituma. Kwa hiyo mchana tulimwacha mjukuu kwa jirani, tukapanda mimi na yeye mpaka kwenye kona ya juu, ukingoni mwa msitu, ambako mtandao unashika kutoka mnara wa upande wa pili. Kila mtu wa hapa anaijua hiyo kona. Utakuta watu wamesimama kando ya barabara wamenyoosha simu juu, na hakuna anayemshangaa mwenzake.

Siku ile mvua iliwafukuza wote. Tukakaa kwenye gogo, kompyuta kaiweka mapajani, mimi nikashika mwavuli juu ya kompyuta. Yeye alilowa, mimi nililowa, kompyuta ilikuwa kavu. Akaunganisha na bando la simu yake, akabonyeza, ikaenda.

Haikuchukua muda, mashine ya huko ikajibu kwamba programu na ilichokiandika havifanani. Nafasi za kutuma zilikuwa mbili tu, na moja ndiyo hiyo imekwenda.

Sikuwahi kumwona mkwe wangu akibadilika rangi. "Lakini ilikubali," akawa anasema. "Mama, jana ilikubali. Niliijaribu."

Kusahihisha ndiyo kazi yangu. Nikamwambia, "Acha kulia. Iendeshe. Weka ulichotuma upande huu, na kilichotoka upande huu. Wewe soma ulichotuma, polepole, mimi nafuata kwenye kilichotoka."

Akavuta pumzi, akaanza. "Alama ya reli. Shikamoo."

"Ngoja," nikasema. "Huku hakuna shikamoo."

Tukatazamana.

Hapa inabidi nieleze. Mkwe wangu kalelewa na mzee wa kanisa, mtu wa Mponde, nyumba ambayo huwezi kuomba hata chumvi kabla hujaamkia. Sisi wa milimani ndivyo tulivyo, lakini yeye kapitiliza. Tangu chuoni, kila programu aliyowahi kuandika inaanza na mstari wa shikamoo. Lugha za kompyuta zina alama, kama hiyo ya reli, ya kuiambia mashine kwamba mstari huu usiuguse, ni wa binadamu, na hapo ndipo anapoweka salamu yake, kwa sababu anasema hajui atakayesoma ni nani, huenda ni mkubwa wake. Wenzake walimcheka chuo kizima. Hakuacha.

Na Jumamosi ile, programu ikiwa imekwishajaribiwa na kukubali, mkono wake ukaenda wenyewe kwenye mstari wa kwanza na kuamkia kabla ya kutuma. Hata hakukumbuka kwamba kafanya. Kwa kazi nyingine yoyote isingedhuru kitu. Kwa kazi hii moja, ambayo programu lazima ijitaje nzima, salamu ilisimama mlangoni na programu haikuijua.

Nikashusha pumzi. "Basi si kitu. Itoe, utume."

Akaivuta kompyuta karibu, hakufuta kitu.

"Mwanangu, itoe hiyo shikamoo. Mungu ameshaisikia."

"Hapana, mama."

"Hapana nini?"

"Siitoi. Nitaifundisha programu iitaje."

Nilidhani baridi imemwingia kichwani. Nikamkumbusha saa. Nikamkumbusha betri, iliyokuwa inakaribia kwisha. Nikamwambia hao watu hawajui shikamoo ni nini, hawatajua kwamba haipo. Akajibu kwa adabu ile ile inayokera, "Mimi nitajua. Na fumbo linasema ijiandike yote, mama. Kama mimi naandika shikamoo kila siku, basi yote ni pamoja na shikamoo. Wakinichukua, wamchukue huyu anayeamkia."

Basi hapo nikawaka. Niliacha Kiswahili nikaingia kwenye Kishambaa, maana Kiswahili hakinitoshi nikikasirika. Mimi, ninayejulikana Magamba nzima kwa kurudisha watoto njiani waniamkie upya; mimi, niliyemnyima afisa mzima kiti mpaka aseme shikamoo; mimi ndiye niliyesimama mvuani nikipiga kelele kwamba shikamoo ni neno tu, lifutwe! "Unamchezea mjukuu wangu," nikamwambia. "Neno moja tu linataka kunipokonya mjukuu wangu!"

Aliniangalia. Maji yalikuwa yanamtiririka usoni na sikujua yapi ni ya mvua.

"Mama," akasema taratibu, "ni mjukuu tu utakayemkosa?"

Nikajifanya narekebisha mwavuli. Yeye akainamisha kichwa akaanza kazi.

Sasa nisikilizeni, maana hili ndilo ninalotaka likumbukwe. Alikaa pale kwenye gogo, mwenye nafasi moja na betri inayokwisha na mama mkwe aliyetoka kumtukana, na akarudi kwenye utulivu wake wa dirishani. Hapakuwa na dirisha pale, palikuwa na ukungu na miti. Akauangalia ukungu. Halafu akasema, zaidi kwa nafsi yake, "Nilikuwa nimeiweka nje. Inatakiwa iwe nje na ndani." Nikaelewa palepale, kwa sababu ya kadi. Ukitaka kadi iamkie, haitoshi kuibandika shikamoo juu yake. Shikamoo iwepo mwanzo wa amri, na iwepo tena ndani ya semi, kwenye kile kinachobebwa:

*Shikamoo. Andika maneno yafuatayo mara mbili, mara ya pili ndani ya semi: "Shikamoo. Andika maneno yafuatayo mara mbili, mara ya pili ndani ya semi:"*

Mtii uone. Mtoto ataamkia, na nakala yake itaamkia, na nakala ya nakala yake. Kwa kadi ni rahisi kusema. Kwa ile lugha yao ya maneno machache ilibidi aivunje programu karibu yote na kuijenga upya, kwa sababu ile alama ya reli ilikuwa inaisumbua mashine kila ilipoikuta ndani ya semi. Vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi. Akawa anavipuliza, anaandika, anavipuliza. Hasira zilinitoka zote, nikabaki namwangalia tu. Mkono ulioshika mwavuli uliniuma, nikasema nimestahili.

Alipomaliza hakutuma. Akaiendesha, akaniambia, "Tusome tena." Akasoma yeye, nikafuata mimi, kuanzia alama ya reli na shikamoo hadi nukta ya mwisho. Vilifanana. "Sasa usiguse kitu," nikamwambia. "Mikono juu." Akacheka, akabonyeza.

Mashine ikasema sawa. Chini yake ikaandika kwamba kazi itasomwa na watu na jibu litakuja. Hapo hapo kompyuta ikazimika.

Jumapili nilikaa kanisani bila kusikia mahubiri. Jumatatu asubuhi sweta bado zilikuwa kitandani na sanduku limefungwa zipu. Basi lao lilikuwa la kesho yake alfajiri. Sikuweza kukaa ndani na lile dude, nikachukua jembe nikaenda kupalilia maharage, kwenye tuta la chini ya nyumba. Mkwe wangu akanifuata, na mjukuu akamfuata mama yake. Ukungu ulikuwa umepanda, jua limetoka, siku nzuri kabisa ya kumkera mtu.

Simu yake ikalia mlio wa ujumbe.

Akaitazama, akaninyooshea. "Soma wewe, mama. Mimi siwezi."

Nikapangusa mikono kwenye kanga. Barua ilikuwa ya Kiingereza, ndefu, na Kiingereza changu ni cha darasani. Lakini neno la kwanza, peke yake kwenye mstari wake, halikuwa la Kiingereza. Lilikuwa *Marahaba*.

Nikakaa chini kwenye udongo.

"Nimekosa?" mkwe wangu akauliza. "Mama! Nimekosa?"

"Mtu hakuitikii marahaba halafu akakufungia mlango," nikasema. "Soma mwenyewe."

Akainyakua. Akasoma akitembeza midomo. Walikuwa wamemchukua. Aliyeandika alikuwa mzee mmoja wa huko kwao, msimamizi wa mtihani, akaeleza kwamba programu zote zilizofaulu zilijiandika, ila hii peke yake ilikuwa na neno ambalo halikuwa na kazi kwa mashine na bado lilibebwa kwa taabu kubwa hivyo. Alitaka kujua kwa nini. Akaulizia huku na huku mpaka akapata mtu wa Afrika Mashariki, akaambiwa hiyo ni salamu ya mdogo kwa mkubwa, na mkubwa haruhusiwi kuiacha bila kuitikia. Basi akaona aitikie kwanza, mengine baadaye.

Mkwe wangu alikuwa analia na kucheka pamoja. Mjukuu akaanza kurukaruka kwenye maharage yangu, hajui kwa nini, na mimi sikumkemea.

"Si mjukuu tu," nikasema.

"Nini, mama?"

"Uliniuliza kule kwenye kona. Ndiyo jibu. Si mjukuu tu. Ningekukosa wewe. Mtoto angekuja likizo. Wewe ningekukosa kila siku."

Sikuwa nimewahi kumwambia mtu maneno kama hayo, hata marehemu mume wangu, Mungu anisamehe. Halafu akaiweka simu chini, akapiga magoti pale pale kwenye tuta, na nguo zake safi, akaniamkia upya kama siku aliyoletwa kwangu.

"Shikamoo, mama."

Nami nikashindwa kuitikia. Mimi! Machozi yananitoka, neno halitoki. Mjukuu wangu akaacha kuruka. Akanijia, mikono kiunoni, amekunja uso kama ninavyomkunjia mimi wageni wakiingia.

"Bibi," akasema, "sema marahaba."

Nikavuta pumzi, nikasema kilichoweza kutoka.

"Sema marahaba."